Kuweka kumbukumbu za mafuriko ya Mto Msimbazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaoishi, wanaofanya biashara au wanaosoma karibu na Msimbazi, Dar es Salaam, na wangependa kuandika kinachotokea mto unapoacha kingo zake. Huhitaji kuwa mhandisi wala mwandishi wa habari. Unahitaji simu, daftari, futi kamba na subira.

Kwa nini nisumbuke? Si watu wa televisheni wanakuja kila mwaka?

Wanakuja, na karibu wote wanasimama palepale pa siku zote: Jangwani, kwa kuwa Barabara ya Morogoro ikifungwa mji mzima unajua. Tunaona basi limezama nusu, kijana kabeba godoro kichwani, mtangazaji kavaa buti. Baada ya miaka mitano picha hiyo haikuambii maji yalifika kimo gani, yalianza kupanda saa ngapi, wala yalitokea upande gani. Na wakati kamera ziko Jangwani, nani yuko Kigogo? Nani yuko Hananasif, Mchikichini, Vingunguti?

Fundi anayechora daraja jipya, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi anayetengeneza ramani, na mama anayetaka kujua anyanyue msingi wa chumba chake kozi ngapi za tofali, wote wanatafuta mambo matatu: kimo, mahali na saa. Huruma wanayo tayari.

Mafuriko gani ya Msimbazi yanahesabika kuwa makubwa?

Kila mtu hulinganisha na ya Desemba 2011. Mvua ilianza kumwagika tarehe 20, siku kumi na moja tu baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, ikaendelea siku mbili nyingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilisema mji haujaona mvua ya namna ile tangu 1954. Zaidi ya watu 40 walifariki, maelfu walikosa pa kulala wakahifadhiwa mashuleni, na Rais Jakaya Kikwete akaagiza wakazi wa bondeni wahamishiwe Mabwepande, pembezoni kabisa mwa Kinondoni. Baadhi walikwenda wakajenga. Baadhi walirudi, maana riziki yao ilikuwa Kariakoo na nauli ya kila siku kutoka Mabwepande haikuwa ya kubeza.

Kabla ya hapo wazee hutaja Elinino ya 1997/98. Baadaye kuna Aprili 2014, Aprili 2018 na vuli ya 2019. Ila orodha hii ni ya mji mzima. Mtaa wako unaweza kuwa na mwaka wake mbaya ambao magazeti hayakuuona, na huo ndio wenye thamani kubwa kuuandika.

Mto wenyewe ni mdogo, kiangazi unavukwa kwa miguu. Maji yote hayo yanatoka wapi?

Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, unashuka kilomita 35 hivi hadi baharini kwenye Daraja la Selander. Lakini unakusanya maji ya eneo la kilomita za mraba kama 289, pamoja na ya vijito vya Sinza na Ubungo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ikinyesha milimita 100 juu ya bonde lote, ni lita bilioni 28.9 za maji. Zamani sehemu kubwa ilinywewa na udongo na miti ya Pugu. Siku hizi inadondokea bati, saruji na lami, kisha inakimbilia mtoni ndani ya saa chache.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo watu wa juu hawayaoni. La kwanza ni mchanga. Mto unabeba mchanga kutoka vilimani na kuutua Jangwani, kitanda cha mto kinapanda, nafasi chini ya daraja inapungua. Katapila hukwangua, masika ijayo mchanga unarudi. La pili ni bahari. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa, hasa siku za bamvua (bahari inapojaa kupita kawaida), mto hauna pa kutokea.

Kwa hiyo katika daftari lako andika pia hali ya bahari siku hiyo: bamvua au maji mafu (bahari inapojaa kidogo tu), na saa ya kujaa. Wavuvi wa Feri watakuambia bila kufungua kitabu.

Nianze lini?

Kiangazi. Julai na Agosti ndiyo miezi ya kazi hii, ingawa hakuna anayeamini hilo mpaka mvua zimkute.

Chagua sehemu tatu au nne ambazo hazitahama: ngazi ya msikiti, nguzo ya umeme, kona ya ukuta wa shule, ukingo wa karavati. Zipige picha zikiwa kavu, karibu na kwa mbali. Pima kutoka ardhini hadi kitu kinachotambulika (kwa mfano, "ngazi ya tatu iko sentimita 54 kutoka barabarani"). Kama kuna daraja, pima kutoka chini ya daraja hadi kwenye mchanga wa mto, na urudie kila baada ya masika. Vipimo viwili vya namna hiyo, mwaka huu na mwaka ujao, vinaeleza habari ya mchanga kuliko hotuba yoyote.

Maji yanapanda sasa hivi. Nipige picha gani kwanza?

Usipige. Toa watoto, wazee na wagonjwa, chukua vyeti, panda juu. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 30 yanaweza kuisukuma gari ndogo. Huoni mtaro uliofunuliwa, huoni waya wa umeme ulioanguka. Zimamoto na Uokoaji ni namba 114.

Ukishakuwa mahali salama, ghorofani au upande wa pili wa barabara, ndipo utoe simu. Na usirudi chini kwa ajili ya picha nzuri zaidi.

Sawa, niko salama. Picha iweje?

Iwe na kitu kisichosogea ndani yake. Maji matupu hayasemi chochote. Maji yaliyofika kwenye kitasa cha mlango wa duka la kona yanasema. Simama sehemu moja, piga picha ileile kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, pembe ileile, bila kuvuta karibu. Picha sita za namna hiyo zinatoa mwendo mzima wa maji: yalianza lini, yalipanda kwa kasi gani, yalisimama lini. Hapo una kitu ambacho hata vituo vingi vya kupimia mito havina.

Ukirekodi video, sema kwa sauti: mtaa, unatazama upande gani, tarehe na saa. Kelele za "Mungu wangu!" ziache zisikike, hazina ubaya wowote, ila taja mtaa.

Usiweke vichujio, usiandike maneno juu ya picha ya asili. Ukitaka kupamba kwa ajili ya status, pamba nakala.

Mbona mnasisitiza sana saa?

Kwa sababu mafuriko ya Msimbazi ni ya saa chache, na kosa la saa sita linaharibu kila kitu. Simu inaandika 02:00, jirani anasema saa nane usiku, ripoti inaandika saa 2 na msomaji anadhani ni asubuhi watoto wakienda shule. Chagua mtindo mmoja na uutaje juu ya kila ukurasa wa daftari. Mimi naandika saa zetu pamoja na neno la wakati, yaani alfajiri, mchana, jioni, usiku, na pembeni naongeza saa ya simu.

Tarehe nayo inateleza. "Usiku wa Jumanne" kwa mmoja ni usiku wa kuamkia Jumanne, kwa mwingine ni Jumanne yenyewe baada ya magharibi. Uliza: "Ilikuwa kabla ya adhana ya alfajiri ya siku gani?" Bondeni swali hilo hupata jibu sahihi karibu kila mara, kwa Mwislamu na kwa Mkristo.

Sikuwepo, au ilikuwa usiku wa giza. Maji yameshashuka. Nimechelewa?

Hapana. Kazi nzuri zaidi hufanyika siku mbili tatu za mwanzo baada ya maji kushuka, kabla watu hawajasugua kuta. Unachotafuta ni alama ya kimo cha juu kabisa ambacho maji yalifika.

Anza ndani ya nyumba, si nje. Nje kuna mawimbi, magari yanayopita na kusukuma maji, na mkondo unaogonga ukuta na kurukia juu. Ndani maji hutulia, kwa hiyo hubakiza mstari mwembamba wa tope, ulionyooka pande zote za chumba. Ukiona mstari huo una kimo kilekile kwenye kuta mbili zinazotazamana, umeupata.

Jihadhari na unyevu. Ukuta wa tofali za saruji hunyonya maji, na unyevu hupanda juu ya mahali maji yalipoishia, wakati mwingine kwa sentimita nyingi. Baada ya wiki rangi inabambuka hadi huko juu, na mwenye nyumba anakuonyesha kwa uhakika kabisa: "Yalifika hapa." Yalifika chini ya hapo. Mstari wa tope ndio shahidi, unyevu ni uvumi.

Nje, angalia nyasi na vipande vya mifuko vilivyonasa kwenye wavu wa uzio, na majani yaliyopangika kwenye shina la mnazi. Takataka zilizorundikana upande ambao maji yalitokea huwa juu kidogo kuliko maji yenyewe, hivyo pima upande wa pili pia. Zikiwa juu ya tawi linaloinama, ziache. Tawi liliinamishwa na maji, kisha likanyanyuka nazo.

Kila alama ipimwe kwa futi kamba kutoka kwenye kitu cha kudumu: sakafu, kizingiti, barabara. Andika ni kutoka wapi. "Mita 1.32" peke yake ni bure, "mita 1.32 juu ya sakafu ya chumba cha mbele, sakafu iko sentimita 20 juu ya barabara" ni kumbukumbu. Piga picha futi kamba ikiwa imesimama ukutani, namba zikisomeka, kisha rudi nyuma upige nyingine inayoonyesha nyumba nzima.

Mwisho, ipe alama yako daraja: nzuri, ya wastani, dhaifu. Nzuri ni mstari wa tope ulionyooka ndani. Dhaifu ni "jirani alinionyesha kwa mkono". Usizitupe dhaifu, ila usizichanganye na nzuri.

Naweza kupaka rangi ukutani ili alama isipotee?

Mwombe mwenye nyumba kwanza. Na usitumie rangi nyekundu hata siku moja. Desemba 2015 nyumba nyingi za bondeni, Mkwajuni na Magomeni zikiwemo, zilibomolewa, na dalili ya kwanza ilikuwa herufi X nyekundu ukutani. Ukionekana na kopo la rangi nyekundu na futi kamba kwenye mtaa ule, hutapata mahojiano, utapata mawe. Tumia msumari mdogo, au mstari mfupi wa buluu na tarehe.

Simu yangu ina GPS. Si inatosha kunipa na kimo?

Mahali, ndiyo, kwa kukosea mita chache. Kimo, hapana. Kimo cha simu kinaweza kupotea kwa mita kadhaa, na wewe unashughulika na sentimita.

Kasi ya maji inapimwaje bila vifaa?

Kwa video. Tafuta nguzo mbili unazojua umbali wake, kisha hesabu sekunde ambazo ndoo au gogo linachukua kutoka nguzo moja hadi nyingine. Mita 30 kwa sekunde 15 ni mita 2 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya juu ya maji. Kasi ya wastani ya mkondo mzima huwa kama asilimia 85 yake. Umbali unaweza kuupima hata wiki ijayo, nguzo haziendi popote.

Na mvua?

Chombo chochote chenye kuta zilizonyooka, kinachowekwa uwanjani mbali na paa na mti, kitakupa milimita ukitumbukiza rula. Chupa ya maji iliyokatwa juu haifai kama kitako chake kina mabonde. Soma kila siku saa 3 asubuhi, maana ndiyo saa ambayo vituo vya hali ya hewa hufunga hesabu ya siku. Usipofuata saa hiyo, namba zako hazitalinganishika na za TMA.

Hifadhi pia taarifa za TMA za siku hizo, angalizo na tahadhari, pamoja na saa ulizozipata wewe. Tofauti kati ya saa taarifa ilipotolewa na saa ilipofika kwenye grupu la mtaa ni habari kubwa kwa anayeshughulika na maafa. Na kumbuka: huenda kwenu haikunyesha tone. Maji ya Jangwani huanza kuwa mvua ya Pugu na Kinyerezi.

Wazee wanakumbuka mengi lakini hawakumbuki mwaka. Nifanyeje?

Usimuulize mzee mwaka. Anza na shikamoo, kaa, uliza habari za nyumbani, kisha muulize alikuwa anaishi na nani wakati ule, na mtoto gani alikuwa bado anabebwa mgongoni. Tundika kumbukumbu yake kwenye matukio yanayojulikana: kabla au baada ya Elinino, kabla au baada ya Mwalimu Nyerere kufariki (1999), kabla au baada ya mabasi ya mwendokasi kuanza (2016). Mara nyingi mwaka unajitokeza wenyewe.

Halafu nenda naye mpaka mahali. Kiti cha barazani hutoa simulizi. Kusimama kwenye kona yenyewe hutoa kimo. "Yalinifika hapa," akigusa mbavu, na wewe unapima kutoka ardhini hadi kwenye mkono wake. Rekodi sauti kwa ruhusa, na muulize atajwe vipi: jina lake, "mama fulani", au asitajwe kabisa.

Wanawake waliokuwa nyumbani mchana wanajua saa ya maji kuliko waume zao waliokuwa kazini. Ni jambo la wazi, lakini wahojaji wengi huishia kwa mwenyekiti na wanaume wa kijiweni.

Niandike idadi ya waliofariki?

Andika nani alisema, lini, na idadi aliyoitaja. Usijumlishe mwenyewe. Mwaka 2011 idadi ilianza chini ikapanda kila siku, kwa kuwa miili iliendelea kupatikana, na atakayesoma gazeti la siku ya kwanza tu atapata picha isiyo sahihi. Majina ya marehemu yabaki kwa ndugu mpaka wenyewe waseme.

Nimetumiwa picha ya kutisha WhatsApp, wanasema ni Jangwani leo. Niihifadhi?

Ikague kwanza. Picha za mafuriko zina tabia ya kufufuka kila masika. Angalia namba za magari: za kwetu huanza na T, za Kenya huanza na K, na picha za Nairobi hupewa jina la Dar kila mara. Kama kuna mabasi ya mwendokasi, picha haiwezi kuwa ya 2011. Likionekana Daraja la Tanzanite likipitisha magari, ni ya 2022 au baadaye. Angalia majengo, mabango, nguo. Kisha muulize aliyekutumia: "Umepiga wewe?" Wengi watajibu hapana, nao waliletewa. Fuata mnyororo hatua mbili tatu. Ukikatika, andika "chanzo hakijulikani" na uiweke pembeni.

Kusambaza usichokuwa na uhakika nacho kuna gharama pia kisheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa taarifa za uongo, na wakati wa maafa vyombo vya dola huwa na masikio makali.

Nani asipigwe picha?

Maiti. Mtoto akiwa uchi au amepotea, isipokuwa kumsaidia kumpata mzazi, na hapo picha iende polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa, si kwenye grupu. Mwanamke aliyelowa, mgonjwa aliyebebwa. Watu wakipanga foleni ya msaada wana nyuso, na kesho wana kazi na heshima zao. Piga kutoka nyuma au piga vyombo. Ndani ya nyumba ya mtu ingia ukikaribishwa, na usipige kitanda chake kabla hajasema sawa. Tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata kabla yake adabu ilikuwepo.

Kumbukumbu hizi haziwezi kutumika kutuhamisha?

Zinaweza, na anayekuambia vinginevyo hajaishi bondeni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ramani inayoonyesha nyumba gani zilifunikwa na maji ni ramani hiyohiyo inayoonyesha nyumba gani ziko ndani ya mita 60.

Lakini zinaweza pia kumlinda mtu. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, unaosimamiwa na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini): daraja jipya la Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi ya mwendokasi, kupanua mto, na fidia kwa wanaopisha. Fidia hutaka ushahidi kwamba ulikuwepo, tangu lini, na ulikuwa na nini. Aliyekuwa na picha za nyumba yake, leseni ya makazi na risiti alikuwa na la kusema mezani. Asiye na kitu alitegemea ukarimu wa mthamini.

Ushauri wangu ni kutenganisha. Kitabu cha kimo cha maji kiwe cha wote: alama, mahali, saa, bila majina. Kitabu cha nyumba, wapangaji na mali kiwe cha wenye nyumba wenyewe, na kisitoke bila wao kukubali kwenye kikao. Kama ramani itawekwa hadharani, weka alama kwenye mtaa au kona, si kwenye mlango wa mtu. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe waelezwe mapema, maana mgeni na futi kamba bondeni huzua maneno kabla ya saa sita mchana.

Droni je?

Unahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na hakitolewi asubuhi ya mafuriko. Kama huna, panda ghorofa.

Hasara naziandikaje?

Siku ileile au inayofuata, kabla ya kutupa. Kila kitu kwa bei yake ya sasa sokoni na umri wake: friji ya miaka minne, magunia mawili ya mchele, cherehani, mtaji wa genge. Piga picha namba ya kifaa nyuma ya friji au televisheni. Usisahau siku ambazo hukufanya kazi. Kwa mama lishe, siku tano za jiko kuzimwa zinaweza kuzidi thamani ya godoro. Usiongeze chumvi. Orodha moja iliyotiwa chumvi hufanya mtaa mzima usiaminike.

Kuna mambo ambayo watu huyasahau?

Vyoo. Wakati wa mvua kubwa kuna wanaotapisha vyoo, yaani kutoboa shimo ili uchafu uende na maji, kwa kuwa gari la kunyonya ni ghali na mara nyingi halifiki uchochoroni. Andika ulipoona, bila kutaja nyumba, pamoja na visima vilivyofunikwa. Baada ya hapo fuatilia kuhara na homa mtaani kwa wiki mbili tatu: kipindupindu na homa ya mgunda hufuata nyuma ya maji machafu, na mtu wa afya wa kata atashukuru kupata tarehe. Ukiingia kwenye tope, vaa buti, si kandambili.

Kingine ni mitaro. Karavati lililozibwa na matairi na mifuko ya sandarusi lipigwe picha kabla halijazibuliwa, la sivyo mwakani tutaambiwa tatizo lilikuwa mvua peke yake.

Kuna watu walishafanya kazi hii kabla yetu?

Wapo, na msianze upya. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo, Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwemo, pamoja na wakazi, kuchora nyumba, mitaro na njia za maji kwenye kata zinazofurika, Tandale ikiwa ya mwanzo mwanzo. Ramani hizo ziko OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuzichapa na kuzitumia. Chapa ramani ya mtaa wako kwenye karatasi kubwa, ikunjue barazani, wape watu kalamu wachore maji yalipofika. Mabishano yatakayozuka hapo ndiyo mahojiano bora utakayopata.

Kwa miaka ya nyuma, magazeti ya zamani yako Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa Afrika Mashariki.

Nihifadhi wapi?

Si kwenye status, itafutika baada ya saa 24. Na WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuondoa taarifa za saa na mahali zilizofichwa ndani yake; itume kama faili la waraka. Ipe kila picha jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, kisha mtaa. Nakala moja simuni, ya pili kwenye flashi au kompyuta, ya tatu kwa mtu anayeishi mlimani. Hiyo ya tatu ndiyo inayopona.

Daftari liandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu nyingi husambaa ukilowa.

Niko nje ya Dar. Njia hizi zinanifaa?

Nairobi, ndiyo, karibu zote. Mvua za Aprili na Mei 2024 zilipojaza mito ya Nairobi na Mathare, mvutano wa kingo za mto na ubomoaji ulikuwa wa aina ileile, kule umbali ukiwa mita 30. Uvira, mashariki mwa Kongo, mambo ni tofauti kidogo: Mto Mulongwe uliofurika Aprili 2020 unashuka kutoka milimani kwa umbali mfupi, unabeba mawe, hivyo pima ukubwa wa mawe yaliyosogezwa na unene wa tope, si mstari wa ukutani pekee. Uvira na Bujumbura pia mtofautishe maji ya mto na kupanda kwa Ziwa Tanganyika. Mto huja na kuondoka kwa siku moja. Ziwa hukaa miezi.

Nimemaliza. Nimpe nani?

Nakala kwa ofisi ya serikali ya mtaa na kamati ya maafa ya kata, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Vipimo vya mto na mvua vipelekwe Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, ambao Msimbazi uko chini yao. Picha za mitaro na madaraja ziende TARURA. Wanafunzi wa Ardhi wanaotafuta mada ya utafiti nao huzitafuta sana kumbukumbu hizi, hasa kuanzia Oktoba, kabla ya vuli kuchanganya.